Mfupa Una Wiki Zake

Hotuba niliyoitoa asubuhi mwaloni Kirumba, Mwanza, mbele ya wachuuzi wa dagaa, wapakiaji na madereva wa bodaboda, kuhusu buti analovaa mtu aliyeumia mguu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwangaluka!

Mwenyekiti wa soko, viongozi wa mtaa, mama zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mlioziegesha pikipiki kule juani mkakubali kupoteza abiria wa asubuhi kwa ajili ya maneno yangu, nawashukuru sana. Wabeja.

Mimi ni mtoto wa hapa. Mama yangu ameanika dagaa kwenye chanja tangu sijaanza shule, na ada yangu ilitoka kwenye dagaa hao. Nikasomea mazoezi tiba. Kazi yangu leo ni kumfundisha mtu mzima kutembea upya, baada ya mguu kuvunjika au kuteguka. Na kwa miguu, Mwanza haitupi likizo. Tumejenga juu ya mawe. Mtu wa Mabatini, wa Igogo, wa Isamilo, akitoka nyumbani anashuka jabali, akirudi anapanda jabali. Mvua ikinyesha, yale mawe yanakuwa sabuni. Hapa mwaloni mpakiaji anatembea juu ya ubao mmoja kutoka kwenye mtumbwi, gunia begani, ubao umelowa, magamba ya samaki chini. Na bodaboda ikilala, mguu ndio unaokuwa chini yake.

Nimekuja na hiki kitu mkononi. Wengi mmeshakiona mtaani mkakipisha njia. Hospitali tunaliita buti la kutembelea. Nje ni plastiki ngumu, imeshika mguu kutoka kwenye unyayo mpaka chini ya goti. Ndani kuna sponji, hii hapa, inatoka yote. Mikanda ni ya kunata, mnaisikia inavyolia nikiivuta. Hapa pembeni kuna kipampu kidogo. Ukikibonyeza, mifuko ya hewa iliyomo ndani inajaa na kuukumbatia mguu. Siyo yote yana hewa, na mengine ni mafupi, yanaishia juu kidogo ya kifundo, hayo ni ya mtu aliyeumia vidole au mifupa ya mbele ya wayo. Sasa angalieni soli. Nikiliweka mezani halitulii, linabembea. Limepinda kama tumbo la mtumbwi. Ukitembea bila buti, kifundo ndicho kinachokunjika ili mwili uvuke mbele ya mguu. Ndani ya buti kifundo kimefungwa, hakikunjiki, kwa hiyo soli ndiyo inayobiringika badala yake. Unatua kwa kisigino, unabiringika, unaondoka kwa vidole, na mfupa uliovunjika haujapindishwa hata kidogo.

Hili ni langu mwenyewe. Nimelivaa wiki 11, na yalipaswa kuwa majuma 6 tu. Nitawaeleza zile wiki nyingine zilitoka wapi.

Niliteleza Bugarika wakati wa masika, nikishuka ngazi za mawe. Mfupa mwembamba wa nje wa mguu ukapata ufa pale karibu na kifundo. Ulikuwa ufa mzuri, kama ufa una uzuri: mifupa ilikuwa imekaa mahali pake, haikuhitaji kupasuliwa. Nikaandikiwa buti. Wiki ya kwanza sikulala vizuri. Wiki ya pili uvimbe ukapungua. Wiki ya nne sikusikia maumivu kabisa. Ndipo tukapata msiba. Mnajua msiba wetu ulivyo. Mjomba wangu ndiye aliyefariki, na mimi niliona siwezi kwenda kusimama kaburini na lile buti kubwa, watu waniangalie mimi badala ya kumsindikiza marehemu. Nikalivua, nikavaa ndala. Nikatembea kwenye matuta ya shamba, nikasimama kwa muda wa saa tatu. Usiku mguu ukajaa kama mkate. Picha ya eksirei iliyopigwa siku mbili baadaye ilionyesha ule ufa umeachia. Tukaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza.

Na mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Nilikuwa najua yote. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu yeyote aliyelivua kabla ya muda, ila nitamwomba kwa nguvu zangu zote asilivue.

Hebu niwaeleze mfupa unafanya nini mle ndani, kwa sababu mtu akijua hasumbuki. Siku za kwanza damu inaganda pale palipovunjika. Kuanzia kama wiki ya pili mwili unajaza pengo kwa kitu laini kama gegedu. Kinashika, lakini kinapinda. Maumivu hupungua wakati huo, na mtu anadhani amepona. Baada ya hapo ndipo mwili unapoanza kugeuza ile gegedu kuwa mfupa, na kazi hiyo kwa kifundo cha mtu mzima huchukua wiki 6 hivi, wengine mpaka 12. Kwa hiyo, mama zangu, wiki ya tatu na ya nne ndizo wiki za hatari. Mguu hauumi, na mfupa bado ni tope la kufinyangia chungu, halijachomwa.

Zamani tulikuwa na hogo tu, ile POP, plasta ngumu isiyovulika. Bado tunalo, na kuna mivunjiko inayolihitaji, daktari ndiye anayeamua. Hogo lina tabu zake: linawasha, haliogi, na likitoka baada ya wiki 6 unaukuta mguu umekonda, kigimbi kimekwisha, kifundo kimekakamaa kama mlango uliopata kutu. Buti linaturuhusu kuuosha mguu, kuutazama, na kukichezesha kifundo pale daktari anapokubali. Watu huniuliza kama hogo haliponyeshi vizuri zaidi, maana ni gumu. Uingereza walilipima hilo. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya watu 540 waliokatika ile kano kubwa ya kisigino, wengine wakifungwa hogo, wengine wakivaa kifaa cha kuvulika na kuruhusiwa kukanyaga mapema. Baada ya miezi 9 makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mwaka 2021 wakafanya hivyo kwa watu 669 waliovunjika kifundo, na baada ya wiki 16 hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo mtu akipewa buti asijione amepewa tiba ya maskini, na aliyepewa hogo naye asione ameonewa.

Lakini buti lina jambo moja ambalo hogo halina. Linavulika. Hiyo ndiyo neema yake na ndiyo hatari yake, na ndiyo sababu nimepanda hapa leo.

Mwaka 2003 daktari wa miguu wa Marekani, David Armstrong, na wenzake walifanya jambo la maana sana. Walichukua wagonjwa wa kisukari wenye vidonda chini ya unyayo, wakawapa mabuti ya kuvulika, wakawaambia kila hatua waipige wakiwa wamelivaa. Wakawawekea kihesabu hatua kiunoni. Kingine wakakiweka kwenye buti lenyewe, mahali ambapo mgonjwa hawezi kukifikia. Walipolinganisha, katika kila hatua 100 ambazo watu wale walitembea, 28 tu ndizo zilizopigwa wakiwa na buti. Hatua 72 zilipigwa bila buti. Na hao walikuwa watu wenye vidonda, wanajua wanaweza kukatwa mguu. Huenda walikuwa wanalivaa wakienda nje, na nyumbani wanalivua. Nyumbani ndiko tunakotembea zaidi: jikoni, chooni, uani, kumfuata mtoto.

Madaktari wakafikiri. Wakachukua buti lilelile, wakalizungushia bandeji ngumu kwa nje lisivulike. Hawakubadilisha kitu kingine. Vidonda vikapona kwa wingi zaidi na kwa haraka zaidi. Nikisimulia hili, huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu linanigusa mimi na msiba wangu wa mjomba. Kwa hiyo wewe mwenye sukari, daktari akikuambia atalifunga lisivulike, usikatae. Mguu wako umepoteza hisia, haukuambii unapoumia, na buti hilo ndilo linalosema kwa niaba yake.

Sasa tuje kwenye kulivaa, maana wengi wanalivaa vibaya. Kaa kwenye kiti. Vaa soksi ndefu, safi, isiyo na mshono wa kukwaruza. Sukuma kisigino mpaka kiguse nyuma kabisa. Kisigino kikielea, kila kitu kingine ni bure. Funga sponji kwanza bila mikunjo. Halafu mikanda, anza na wa vidoleni, panda na wa kifundoni, malizia wa juu. Hewa mwisho, na usiipige mpaka mguu ufe ganzi. Kidole chako kimoja kipite chini ya mkanda kwa tabu kidogo. Ukiona vidole vinabadilika rangi, vinapoa, au huvisikii, legeza mara moja. Kama daktari amekuruhusu kulivua, basi kila jioni tazama ngozi yote, pande za kifundo na nyuma ya kisigino, na sponji ifue kwa mkono, ianike kivulini. Kulala nalo au bila nalo kunategemea umeumia nini. Aliyekatika kano ya kisigino kwa kawaida analala nalo, na mle ndani anawekewa vipande vya kuinua kisigino vinavyopunguzwa kidogo kidogo kadiri wiki zinavyokwenda. Uliza swali hilo kabla hujatoka kwa daktari.

Lingine, uliza unaruhusiwa kukanyaga kiasi gani. Wengine hawaruhusiwi kabisa, wanatembea kwa magongo na mguu ukiwa hewani. Wengine wanakanyaga kwa uzito wote tangu siku ya kwanza. Wagumu kuwafundisha ni wale wa katikati, wanaoambiwa wakanyage kilo 20. Mtu atajuaje kilo 20 kwa unyayo? Nilimpata mama mmoja wa hapahapa mwaloni, muuza dagaa wa jumla, akaniambia, "Mwanangu, mimi kilo naijua kwa mkono, siijui kwa mguu." Nikamwambia atuletee mizani yake. Akasimama na magongo yake, mguu mzima sakafuni, mguu wa buti juu ya mizani, akawa anashusha uzito taratibu huku akitazama mshale. Tano. Kumi. Kumi na tano. Ulipofika ishirini nikamwambia afumbe macho na aukumbuke uzito ule. Akafumba. Akanyanyua, akakanyaga tena bila kutazama, na mshale ukaenda kwenye kumi na tisa. Akasema, "Ni kama ndoo ya lita ishirini inayokukalia mguuni." Ndivyo hasa ilivyo, maji ya lita 20 yana kilo 20. Tangu siku hiyo wagonjwa wangu wote wa kilo 20 nawafundisha kwa mizani na nawatajia ndoo ya yule mama.

Na kwa nini tunataka mtu akanyage kabisa, si alale tu? Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Mfupa usiobebeshwa kitu unakonda. Buti linatuwezesha kuupa mfupa mzigo ulionyooka, bila ule wa kupinda na kusokota.

Buti linakuinua upande mmoja. Sentimita mbili, tatu, nyingine zaidi. Ukivaa ndala mguu wa pili, unatembea kama mtumbwi ulioegemea, na baada ya wiki mbili utanijia ukishika kiuno na nyonga, si mguu tena. Nenda kwa fundi viatu, mpelekee raba ya mguu mzima, mwambie aongeze soli ya mpira wa tairi mpaka miguu ilingane. Kazi hiyo mafundi wetu wanaiweza sana. Ukitumia gongo moja, lishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Na kwenye ngazi, wakazi wa mlimani mnisikie: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu wa buti unatangulia, na magongo yanashuka nao. Jiwe likiwa limelowa usipande kabisa, soli hii haina meno ya jabali. Subiri likauke, au lala kwa ndugu huko bondeni.

Choo. Najua hamtaniuliza mbele za watu, basi nasema mimi. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na mguu wa buti hauchuchumai. Watu wanalivua kwa sababu hiyo tu, mara nne kwa siku, na kila mara wanachuchumaa juu ya mfupa mbichi. Chukua kiti cha plastiki cha kawaida, fundi akitoboe katikati, kiweke juu ya tundu. Ni fedha kidogo, na kinaokoa mfupa. Kwa wenzangu mnaosali kwa kusujudu, aliyeumia ana ruhusa ya kusali amekaa kwenye kiti. Zungumza na imamu wako, asikuache ujiumize.

Madereva wa bodaboda, nimewaacha mwisho kwa sababu nawahitaji zaidi. Mguu wa kushoto unabadilisha gia, wa kulia unakanyaga breki ya nyuma. Buti likiwa mguu wowote ule, huendeshi. Hakuna mguu wa akiba kwenye pikipiki. Nawaelewa, pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu yake jioni. Lakini nimeshawaona vijana watatu walioendesha na buti, na mmoja alianguka kwa sababu soli ilinasa chini ya pedali ya gia. Vikundi vyenu vinachanga kwa msiba na kwa harusi. Changeni na kwa mguu. Mkimbeba abiria mwenye buti, nendeni pole, na kama mguu ulioumia ni wa kulia, bomba la moshi liko upande huohuo. Plastiki inayeyuka, na yeye ndani ya sponji hasikii joto mpaka limefika.

Kuchua! Hapa nasema kwa upole kwa sababu wanaochua ni mama zetu na wanachua kwa upendo. Mguu umevimba, mafuta ya moto yanaletwa, mtu mzima anashikwa mabega, unachuliwa mpaka unalia. Kama ndani kuna ufa, umeupanua. Kabla ya mkono wa mtu yeyote, jiulize hivi: ukibonyeza zile nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje, kwa ukingo wa nyuma au kwenye ncha yake, mfupa wenyewe unauma? Ukibonyeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, pale penye kifupa kilichotokeza, panauma? Au juu ya wayo upande wa ndani, mbele ya kifundo? Unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Ikiwa mfupa unauma pale, au hatua nne zimekushinda, nenda ukapigwe eksirei. Vipimo hivi vya vidole na hatua nne vilitungwa na madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, na tangu mwaka 1992 vinatumika sehemu nyingi duniani. Havihitaji mashine. Wakati unatafuta usafiri, weka barafu. Sisi wa mwaloni barafu tunayo kuliko watu wote. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 mpaka 20, isiguse ngozi moja kwa moja. Na mguu uinuliwe juu kupita moyo, siyo kwenye kistuli kidogo, bali umelala chali na mito chini ya mguu.

Kuna dalili moja ambayo hata usiku wa manane uitafutie gari. Kigimbi kikivimba, kikauma, kikapata joto, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, kwa sababu mguu haufanyi kazi yake ya kuisukuma. Bonge hilo likisafiri mpaka mapafuni, mtu anakosa pumzi ghafla na kifua kinachoma. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Aliyewahi kuganda damu, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, na anayevuta sigara, mwambieni daktari siku ileile ya kupewa buti. Zaidi ya hapo, sigara inauchelewesha mfupa wenyewe kuunga. Na chakula cha mfupa mmekikalia: dagaa, wanaoliwa wazima na miiba yao.

Siku ya kuliacha buti ikifika haiwi siku moja. Unaanza kwa muda wa saa moja au mbili ndani ya nyumba, na raba imara, siyo ndala. Kesho unaongeza. Mguu ukivimba jioni, kesho unarudi hatua moja nyuma. Unaandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z, asubuhi na jioni. Baadaye unasimama na kuinua visigino ukishika ukuta, kisha unasimama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Wapakiaji, ubao wa mtumbwini ndio wa mwisho kabisa kurudiwa, na siku ya kwanza unaupita mikono mitupu.

Tafadhali msinunue buti la mtu mwingine kwa macho. Hili langu niliuziwa na duka moja bila kupimwa, likawa kubwa, kisigino kikachubuka mpaka nyama. Nalo lile la mtumba, sponji yake imeshabonyea mguu wa mwenyewe, unaiona hapa hata hii yangu, shimo la kisigino changu hili. Kama huna namna na umelipata la ndugu, leta tulitazame, tubadilishe sponji, tulinganishe na mguu wako na jeraha lako.

Nimesema sana, na mikono ndiyo inayofundisha. Naomba mama mmoja na dereva mmoja waje hapa mbele. Wewe mama wa kitenge cha bluu, karibu, kaa kwenye hiki kiti. Vua ndala ya kulia. Kijana, shika buti, fungua mikanda yote, na umvalishe. Nyinyi wengine angalieni kisigino chake, na kikielea mumkatalie.